Lugha ya SCSI ndani ya Waya wa USB: Mifumo Endeshi na Vifaa vya Kuhifadhia Data, 1986–2014

Utangulizi

Flashi inapochomekwa kwenye kompyuta yenye mfumo endeshi wa Linux, hupewa jina linaloanza na herufi sd, kwa mfano sda au sdb. Katika FreeBSD hupewa jina linaloanza na da. Majina haya yote mawili yalibuniwa kwa ajili ya diski za SCSI, ilhali ndani ya flashi hamna diski ya SCSI na ubavuni mwa kompyuta hamna tundu la SCSI. Jina limebaki kwa sababu lugha imebaki. Kila faili inayosomwa au kuandikwa kwenye flashi hupita kwa amri zilizotungwa kwa ajili ya waya mwingine kabisa, katika miaka ya mwanzo ya kompyuta ndogo.

Makala haya yanachunguza jinsi mifumo endeshi ilivyoipokea lugha hiyo na kuitumia kwa vifaa vya USB. Hoja inayotetewa ni kwamba nyaraka za viwango, ambazo ndizo chanzo cha kwanza ambacho mwanahistoria wa teknolojia hukimbilia, hazitoshi kueleza kilichotokea. Kiwango kilisema kifaa kifuate SCSI. Lakini kwa watengenezaji wengi kifaa kilihesabiwa kuwa kimefuata SCSI pale tu kilipofanya kazi na Windows. Hivyo mazoea ya mfumo mmoja yakageuka sheria kwa mifumo mingine yote. Ushahidi wa jambo hili umehifadhiwa katika msimbo chanzo wa Linux, hasa katika maelezo mafupi ambayo waandishi wa programu huyaacha pembeni mwa msimbo wao.

Lugha Iliyoutangulia Waya

SCSI ilitokana na SASI, kiolesura kilichobuniwa na kampuni ya Shugart Associates mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1986 taasisi ya viwango ya Marekani, ANSI, iliipitisha kuwa kiwango rasmi chenye namba X3.131-1986. Wazo lake kubwa lilikuwa kuipunguzia kompyuta mzigo wa kujua umbo la diski. Kabla ya hapo mfumo endeshi ulilazimika kujua diski ina sahani ngapi, vichwa vingapi na njia ngapi. Chini ya SCSI, diski ilijieleza kuwa safu moja ya bloku zilizopewa namba kuanzia sifuri, nayo yenyewe ikajua bloku husika iko wapi.

Amri zenyewe zilikuwa baiti chache. Amri 12h (herufi h inaonyesha namba ya msingi wa kumi na sita) hukitaka kifaa kijitambulishe. Amri 00h huuliza kama kiko tayari, 25h huuliza ukubwa wake, 28h husoma, 2Ah huandika, na 03h huuliza sababu ya amri iliyotangulia kushindwa. Toleo la SCSI-2 la mwaka 1994 lilipanua orodha hiyo. Hata hivyo hatua iliyokuwa na athari kubwa zaidi ilikuja na familia ya viwango iliyoitwa SCSI-3, ambamo amri zilitenganishwa na waya unaozibeba. Tangu hapo amri ya kusoma ilibaki ile ile, iwe imebebwa na kebo nene ya zamani au na chombo kingine chochote.

Katika historia hii Apple ina nafasi ya kipekee. Macintosh Plus ya Januari 1986 ilikuwa na tundu la SCSI, na kompyuta za Macintosh ziliendelea nalo kwa zaidi ya muongo mmoja. Agosti 1998 kampuni hiyo ilianza kuuza iMac, isiyokuwa na tundu la SCSI wala mlango wa disketi. Badala yake ilikuwa na USB. Wengi waliona kwamba SCSI imefukuzwa kwenye meza ya mtumiaji wa kawaida. Kilichofukuzwa ni plagi, kwani mwaka mmoja baadaye amri za SCSI zilirudi kupitia mlango huo huo wa USB.

Baiti Thelathini na Moja

Toleo la kwanza la USB lilitolewa Januari 1996, na la 1.1 Septemba 1998. Kasi yake ya juu, megabiti 12 kwa sekunde, ilitosha kibodi, kipanya na printa. Kwa vifaa vya kuhifadhia data kulikuwa na kikwazo kingine: kila mtengenezaji alikuwa na lugha yake. Mtumiaji wa Windows 98 aliyenunua diski ya USB alihitaji pia programu kiendeshi ya kifaa kile kile, na bila hiyo diski haikuonekana. Kifaa kilichokusudiwa kubebwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine kilifungwa na kile alichobeba mwenyewe pamoja nacho, yaani CD ya programu.

Jibu lilikuwa kuandika kiwango cha pamoja cha vifaa vya kuhifadhia. Waandishi wake hawakubuni lugha mpya. Waliorodhesha lahaja kadhaa zilizokuwapo tayari, nyingi zikiwa jamaa za SCSI: moja ya visoma CD, moja ya disketi, nyingine ya mashine za tepu, na ya sita, yenye namba 06h, iliyosema kwa ufupi kwamba kifaa kinapokea amri za SCSI kama zilivyo. Njia ya kuzibeba iliyoshinda ni ile iliyoelezwa katika waraka ambao ukurasa wake wa kwanza una tarehe 31 Septemba 1999. Septemba ina siku 30. Kosa hilo la kalenda limebaki katika waraka ambao vifaa vingi mno duniani vinadai kuutii, na mtu aliyesoma orodha za hitilafu zitakazojadiliwa hapa chini anaweza kulitazama kama dalili njema au mbaya, apendavyo.

Utaratibu wake ni mwepisi. Kompyuta hutuma kifurushi cha baiti 31. Baiti nne za kwanza ni saini, yaani herufi USBC. Nne zinazofuata ni namba ya utambulisho wa ombi. Nne nyingine ni kiasi cha data kinachotarajiwa. Kisha huja baiti tatu za mwelekeo wa data, namba ya kitengo na urefu wa amri. Na mwisho baiti 16 zilizotengwa kwa amri yenyewe ya SCSI. Baada ya data kupita, kifaa hujibu kwa kifurushi cha baiti 13 kinachoanza na herufi USBS, kikirudisha namba ile ile ya ombi, kiasi cha data ambacho hakikupita, na hali ya matokeo: 00h amri imefaulu, 01h imeshindwa, 02h pande mbili zimepotezana. Ndani ya baiti hizo 31 mna tamaduni mbili za uandishi wa namba. USB huanza na baiti yenye thamani ndogo, SCSI huanza na yenye thamani kubwa, na programu inayotunga kifurushi hulazimika kugeuza mkono katikati ya sentensi.

Ni ombi moja tu linaloweza kushughulikiwa kwa wakati mmoja. Tena jibu la 01h halielezi kosa. Mfumo endeshi hulazimika kutuma amri 03h ili kuuliza kilichotokea. Wepesi huu ndio ulioruhusu vidhibiti vya bei ndogo sana, na ndio ulioacha mianya.

Mifumo Endeshi Yajifanya Ina Kadi ya SCSI

Windows 2000, iliyotolewa Februari 2000, na Windows Me ya Septemba mwaka huo zilikuja na programu kiendeshi ya jumla kwa vifaa vya aina hii. Kazi haikuwa kubwa kama inavyoweza kudhaniwa. Ukoo wa Windows NT ulikuwa tayari umejenga tabaka lake lote la diski juu ya maombi yenye umbo la SCSI. Kilichohitajika ni kipande cha chini cha kuyafungasha maombi hayo katika vifurushi vya USB. Mwishoni mwa mwaka huo huo flashi za kwanza, zenye megabaiti 8, zilianza kuuzwa Marekani.

Katika Linux kazi ya awali ilifanywa na Michael Gee mwaka 1999, kisha ikachukuliwa na Matthew Dharm, na baadaye Alan Stern akawa na mchango mkubwa. Programu hiyo, iitwayo usb-storage, ilikuwamo katika Linux 2.4 ya Januari 2001. Muundo wake ulifanana na ule wa Windows: kila kifaa kinachochomekwa huundiwa kadi ya SCSI ya kuwaziwa, na tabaka la SCSI lililokuwapo tangu zamani huzungumza na kadi hiyo pasi na kujua kwamba nyuma yake kuna USB. FreeBSD ilifanya vivyo hivyo kwa programu yake ya umass.

Ujanja huu ulikuwa na gharama. Tabaka la SCSI liliandikwa kwa ajili ya kompyuta ambazo diski zake zilifungwa kwa skrubu. Halikutarajia kadi nzima ya SCSI itoweke katikati ya kazi kwa sababu mtu amechomoa kidude kutoka mezani. Katika Linux 2.4 kadi ya kuwaziwa haikuweza kuondolewa kifaa kilipochomolewa. Iliachwa pale, na programu ikakumbuka alama ya kifaa ili kikirudi kiunganishwe na kadi yake ya zamani. Ni katika Linux 2.6, iliyotolewa Desemba 2003, ndipo kadi za SCSI zilipoweza kuja na kuondoka kwa utaratibu.

Kulikuwa pia na maneno yaliyobadilika maana yalipohama. Katika jibu la amri 12h kuna biti moja inayosema kwamba chombo cha data kinaweza kuondolewa. Kwa SCSI maana yake ilikuwa CD au tepu inayotolewa ndani ya mashine huku mashine ikibaki. Hakuna mtu anayetoa kumbukumbu kutoka ndani ya flashi. Kinachotolewa ni flashi nzima. Hata hivyo flashi nyingi ziliiwasha biti hiyo, na Windows kwa miaka mingi ikaitumia kuamua kama kifaa kiruhusiwe kuonyesha kigawe kimoja au vingi. Biti iliyohusu muundo wa mashine ikawa tamko kuhusu namna ya kutumiwa.

Sheria Isiyoandikwa

Hapa ndipo waraka wa kiwango na historia vinapoachana. Programu ya ndani ya flashi au kisoma kadi iliandikwa kwa haraka, kwa kidhibiti cha senti chache, na ikajaribiwa kwenye Windows. Ikifanya kazi hapo, ilipelekwa sokoni. Amri ambayo Windows haikuituma haikujaribiwa. Urefu wa jibu ambao Windows haikuuomba haukuwahi kuombwa na mtu yeyote kabla mtumiaji wa mfumo mwingine hajachomeka kifaa na kukiona kikiganda.

Msimbo wa usb-storage unaonyesha hili kwa namba kamili. Amri 12h inaweza kuomba jibu la urefu tofauti tofauti. Linux huomba baiti 36 tu kwa kila kifaa cha USB, na maelezo ya pembeni yanasema wazi kwamba vifaa vingi hukwama vikiombwa zaidi au pungufu ya hapo. Ili kujua kama kifaa kimefungwa kisiandikwe, kuna amri 1Ah yenye ukurasa 3Fh. Diski nyingi huikubali amri hiyo endapo tu zimeombwa baiti 192, na maelezo yanataja sababu bila kuficha: ndivyo Windows inavyofanya. Namba 192 haitokani na kiwango chochote. Ni tabia ya mfumo mmoja iliyonakiliwa na mwingine ili kifaa kisistuke.

Kiasi cha data katika ombi moja nacho kiliwekewa kikomo cha kawaida cha bloku 240, sawa na kilobaiti 120, na kwa vifaa dhaifu zaidi bloku 64. Kwa kundi moja la vidhibiti programu husubiri sehemu ndogo ya sekunde kabla ya kuanza kupitisha data, kwani bila hivyo hushindwa kufuatana. Vifaa vingine vilijitangaza kuwa vya ngazi ya juu kuliko SCSI-2, ngazi ambayo inalazimisha kuifahamu amri ya kuorodhesha vitengo. Vilipopewa amri hiyo havikuweza kuijibu. Suluhisho la Linux lilikuwa kuvishusha cheo: kifaa husema ni cha ngazi ya tatu, na mfumo endeshi hukiandika kuwa cha pili.

Mfano unaogusa zaidi unahusu saini. Kiwango kinataka jibu lianze na herufi USBS, na kompyuta ilikataae jibu lisilo nazo. Kulikuwa na vifaa vilivyojibu kwa herufi nyingine. Badala ya kuvikataa, Linux iliacha kuilinganisha saini na waraka. Huihifadhi ile ya kwanza inayoipata kutoka kwa kifaa, kisha hudai kwamba majibu yote yanayofuata yafanane nayo. Kifaa hakitakiwi tena kuwa sahihi. Kinatakiwa kiwe thabiti katika kosa lake.

Kwa makosa yasiyoweza kufanywa kanuni ya jumla, kuna faili iitwayo unusual_devs.h. Kila ingizo lina namba ya mtengenezaji, namba ya bidhaa, matoleo yanayohusika, na alama za kasoro. Mara nyingi juu ya ingizo kuna mstari unaomtaja mtumiaji aliyeripoti. Faili hii ni kumbukumbu ya umma kuliko waraka wowote wa kiwango, kwa kuwa imeandikwa na watu ambao kifaa kiliwakatalia mezani. Ingizo likionekana kwamba halihitajiki tena, mfumo huandika ujumbe katika kumbukumbu zake ukimwomba mtumiaji autume kwa wasanifu ili ingizo liondolewe. Hata hivyo, mwelekeo wa muda mrefu haukuwa kurefusha orodha. Ulikuwa kubadili tabia ya jumla ya programu mpaka ifanane vya kutosha na ile ambayo vifaa viliizoea.

Bloku ya Mwisho

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya adabu tu kati ya mashine. Amri 25h inaonyesha kwamba sivyo. Amri hiyo hurudisha namba ya bloku ya mwisho, wala si idadi ya bloku. Kifaa chenye bloku 1000 kinapaswa kujibu 999, kwa sababu hesabu huanza sifuri. Vifaa kadhaa vilijibu 1000. Windows haikuwa na sababu ya mara kwa mara ya kugusa mwisho wa flashi, kwani jedwali la mfumo wa faili wa FAT liko mwanzoni. Linux hutafuta taarifa za vigawe hadi mwisho wa diski, ambako nakala ya jedwali la GPT huhifadhiwa. Iliposoma bloku isiyokuwapo, baadhi ya vifaa havikurudisha kosa. Viliganda kabisa mpaka vichomolewe.

Kasoro iliyo karibu na hiyo ilipatikana katika visoma kadi: bloku ya mwisho ilisomeka ikiombwa peke yake, lakini si ikiombwa pamoja na nyingine. Wasanifu waliamua kwamba diski zote za USB zisomwe bloku moja moja zinapofika mwishoni, kwa kuwa hasara ya kasi ni ndogo mno. Hapa kasoro ya wachache imegeuka utaratibu wa wote.

Ukubwa wa diski ulipopita bloku ambazo namba ya biti 32 inaweza kuzihesabu, yaani takriban terabaiti 2.2 kwa bloku za baiti 512, tatizo liligeuka kuwa la data yenyewe. Amri mpya ya ukubwa, yenye baiti 16, iliviangusha vifaa vingi vya zamani, hivyo Linux ikaanza na ile ya zamani kwanza. Lakini baadhi ya makasha ya USB 3.0, yalipoulizwa kwa amri ya zamani, hayakukiri kwamba namba imewashinda. Yalirudisha masalio tu. Diski ya terabaiti 3 ilionekana kuwa na takriban terabaiti 0.8. Hakuna swali moja lililofaa kwa vifaa vyote, na kukosea huku au kule kulimaanisha kifaa kuganda au mtumiaji kuambiwa uongo kuhusu mali yake.

Suala la akiba ya muda ni zito zaidi. Diski nyingi hupokea data, husema zimeandika, kumbe bado zimeishikilia katika kumbukumbu isiyodumu. Ukurasa 08h wa taarifa za diski ndio unaosema kama akiba hiyo ipo, na amri 35h ndiyo inayoilazimisha diski iandike kweli. Kwa kuwa vifaa vingi vya USB viliharibika vikiulizwa ukurasa huo, usb-storage iliacha kuuliza na kuchukulia kwamba akiba haipo. Kwa flashi dhana hiyo haikuleta madhara makubwa. Kwa diski kubwa ndani ya kasha, dhana ilikuwa ya kubahatisha, na umeme ukikatika aliyepoteza ni mwenye faili. Baadaye iliongezwa alama maalumu kwa diski zinazojulikana kuwa na akiba.

Jaribio la Kuikwepa SCSI na Ujio wa UAS

Mwaka 2004 Pete Zaitcev alileta katika Linux programu nyingine, ub, iliyolikwepa kabisa tabaka la SCSI na kuwasiliana na tabaka la diski moja kwa moja. Vifaa vyake viliitwa uba, ubb na kuendelea. Nia yake ilieleweka: programu fupi, isiyobeba ukongwe wa tabaka lililoandikwa kwa ajili ya diski za skrubu. Hata hivyo ub yenyewe ililazimika kutunga amri 28h na 2Ah, kwa sababu hiyo ndiyo lugha pekee ambayo flashi iliifahamu. Tabaka liliweza kukwepeka, lugha haikukwepeka. Tena kila hila iliyokuwa imekusanywa katika usb-storage ilibidi ijifunzwe upya au ikosekane. Mwaka 2012 ub iliondolewa.

Wakati huo mwelekeo ulikuwa umeshageuka. USB 3.0 ya mwaka 2008 iliongeza kasi kiasi kwamba utaratibu wa ombi moja kwa wakati mmoja ukawa kizuizi. Badala yake, UAS, lilitumia mikondo minne tofauti kwa amri, majibu, data inayoingia na data inayotoka, na kuruhusu foleni ya maombi. Yaani lilikuwa SCSI zaidi ya lililotangulia. Windows 8 ya mwaka 2012 ilikuja nalo. Linux ilikuwa na programu ya uas tangu Januari 2011, lakini ilipata matatizo mengi hata ikawekewa alama ya kuwa mbovu, mpaka kazi ya Hans de Goede ilipoirudisha katika Linux 3.15 ya Juni 2014.

Pamoja nayo ilikuja faili mpya, unusual_uas.h, yenye safu zile zile: namba ya mtengenezaji, namba ya bidhaa, matoleo, alama za kasoro. Mojawapo ya alama hizo huiambia Linux isitumie UAS kabisa kwa kifaa husika, hata kama kifaa chenyewe kimejitangaza kuwa kinaifahamu, bali irudi kwenye vifurushi vya baiti 31.